Kwa Nini Kitalu Kina Miche Michache: Kuotesha Erika kwa Ajili ya Vyanzo vya Maji



Baada ya taarifa ya robo mwaka iliyopita baadhi yenu mliuliza kwa nini idadi ya miche imeshuka ilhali fedha ni zile zile. Swali ni la haki. Sehemu ya kitalu iliyokuwa ya milingoti sasa tumeipa kichaka cha asili ambacho wataalamu hukiita Erica. Sisi tutakiita erika.

Wengi wenu mnakifahamu kwa macho. Kina majani madogo kama sindano na maua kama kengele ndogo. Hustawi juu kwenye baridi: mlima Rungwe, na uwanda wa Kitulo, ile "Bustani ya Mungu" iliyofanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 2005. Hakitoi nguzo wala mbao. Lakini majani yake hukamata ukungu, matone yakadondoka ardhini hata siku isiyo na mvua. Kule Kilimanjaro, mtafiti Andreas Hemp alionyesha mwaka 2005 kwamba misitu ya erika iliyoteketea kwa moto imeupotezea mlima maji mengi kuliko yanayopotea kwa kuyeyuka kwa barafu. Maji ya Kitulo nayo hushuka Usangu, yakaingia Ruaha Mkuu hadi mabwawa ya Mtera na Kidatu. Anayechoma kichaka huku juu anamgusa mkulima wa mpunga kule chini.

Milingoti tuliyoigawa zamani ilipandwa na baadhi ya sharika karibu na chemchemi, nasi hatukuwazuia. Mti ule hunywa maji mengi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka shughuli za kibinadamu zikae mita 60 kutoka chanzo cha maji, na hapo ndipo tunapotaka kurudisha mimea ya asili.

Jaribio letu la kwanza lilikufa lote. Tulifukia mbegu kama za mahindi, tukaweka samadi, tukamwagilia kwa kopo. Makosa matatu kwa mpigo! Mbegu ya erika ni ndogo kama vumbi la ugoro na huhitaji mwanga ili iote.

Sasa tunachuma vibumba vya mbegu vikianza kuwa vya kahawia, kabla havijapasuka, na kuvikausha ndani ya mfuko wa karatasi. Mbegu huchanganywa na mchanga laini na kunyunyizwa juu ya udongo bila kufunikwa. Udongo wenyewe ni wa chini ya vichaka vya erika, uliochanganywa na mchanga, kwa sababu una kuvu wanaoishi na mizizi na kuilisha. Erika hupenda udongo wenye uchachu, kwa hiyo msitie majivu wala chokaa. Sanduku la mbegu huwekwa ndani ya beseni la maji ya mvua ili udongo unywe kutoka chini, kisha hufunikwa kwa nailoni angavu. Hapo ni uvumilivu tu. Miche hubaki midogo kwa miezi mingi, na asiye na subira huing'oa akidhani ni kuvumwani.

Vipandikizi ni njia ya pili. Kata ncha changa zisizo na maua, urefu wa kidole, ondoa majani ya chini, chomeka kwenye mchanga wenye unyevu, kivulini. Chukueni kutoka vichaka vingi, si kimoja, ili ugonjwa mmoja usimalize vyote. Msichume ndani ya hifadhi bila kibali. Vichaka vya ardhi ya kijiji vinatosha.

Kwa wafadhili, tunaomba taarifa zijazo zihesabu miche iliyo hai baada ya kiangazi cha kwanza, si iliyotoka kitaluni. Kwa kamati, miche itapandwa mvua zikishika, Novemba au Desemba. Usharika unaohitaji uandike jina la chemchemi, na ueleze nani atafyeka njia ya kuzuia moto kabla ya Agosti. Usharika usio na mtu wa kufyeka hatutaupa miche mwaka huu.