Nyumba ya Magurudumu Katika Nchi ya Mizabibu

Askari wa jeshi na wa polisi amezoea kuhama kambi na kulala mahali popote amri inapomfikisha. Leo twawaletea wasomaji wetu habari za watu wanaohamahama kwa hiari, pamoja na wake zao na watoto wao.

Kusini-magharibi ya Australia, mwendo wa kilomita 270 hivi kutoka mji wa Perth, iko wilaya iitwayo Margaret River. Upande mmoja ni Bahari ya Hindi, ile ile inayopiga ufuko wa Mombasa; upande wa pili ni mashamba ya mizabibu; na kandokando ya pwani imetanda hifadhi ya taifa ya Leeuwin-Naturaliste, kutoka rasi moja hadi nyingine. Huko jamaa nyingi huenda kupumzika zikiwa na nyumba yao juu ya magurudumu.

Gari lenyewe aghalabu halizidi sana taksi ya Kampala ya abiria kumi na wanne, ila viti vya nyuma vimeondolewa, mahali pake pakatiwa vitanda, jiko la gesi na tangi la maji. Meza ya chakula cha mchana hugeuka kitanda usiku. Asiye na lake hukodi Perth, na huendesha upande wa kushoto kama sisi. Lakini haruhusiwi kulala popote apendapo. Ndani ya hifadhi hulala katika kambi zilizotengwa, kama ile ya Conto, isiyo na umeme, na nafasi huagizwa mapema.

Mizabibu hiyo si ya kale. Katika miaka ya 1920 serikali ilileta wahamiaji kutoka Uingereza, miongoni mwao wanajeshi wa zamani, ikawagawia vipande vya msitu wafyeke na kufuga ng'ombe wa maziwa. Miti iliwashinda, madeni yakawaelemea, na wengi wakavihama vipande vyao. (Mstaafu aliyepata ardhi pasipo mtaji hahitaji kufafanuliwa zaidi.) Mwaka 1965 mtaalamu wa kilimo, Dakta John Gladstones, alionyesha kwamba hali ya hewa ya hapo yafanana na ile ya Bordeaux, Ufaransa. Mwaka 1967 daktari wa moyo wa Perth, Tom Cullity, akapanda mizabibu yake, akaliita shamba Vasse Felix. Ndege wakamla zabibu. Akaleta kipanga awafukuze. Kipanga huyo alipofunguliwa alipaa moja kwa moja, wala hakurudi. Picha yake imebaki kwenye chupa za shamba hilo, nayo mizabibu ya wilaya siku hizi hufunikwa kwa nyavu.

Sasa tufike penye jambo linalowahusu zaidi wasomaji wetu wa trafiki. Mashamba mengi yana nyumba ya kuonjea mvinyo, na mgeni humiminiwa kidogo tu, tuseme mililita 30. Ni kidogo kweli. Lakini mtu akionja mara nne katika kila shamba, naye akapita mashamba matano, amekunywa mililita 600, yaani sehemu kubwa ya chupa, na bado anajihesabu hajanywa. Sheria ya huko inataka damu ya dereva wa kawaida isifikie gramu 0.05 za kileo katika kila mililita 100. Polisi aweza kumsimamisha dereva yeyote, hata asiyeyumba, akampuliziisha kipimo, kama kile kinachojulikana Uganda kwa jina la Kawunyemu. Ndiyo maana jamaa wenye busara huamua asubuhi, kabla ya gari kuwashwa, ni nani atakayeshika usukani, na huyo hunywa maji kutwa nzima. Anayeendesha gari hili amebeba nyumba yake yote na watoto waliomo.

Katika hifadhi na jirani zake yapo ya kutazama kwa siku nyingi: mapango ya chokaa, na msitu wa Boranup, ambao ulikatwa mbao zamani ukaota tena, na leo mikarri yake imepita meta 50. Ufukoni, mwaka 1876, meli Georgette ilikwama ikizama. Aliyeiona kwanza ni Sam Isaacs, mwenyeji mweusi wa nchi hiyo, mchunga ng'ombe. Alikwenda kuita msaada, kisha yeye na binti Grace Bussell, mwenye umri wa miaka 16, wakaingiza farasi katika mawimbi wakawaokoa abiria. Binti alipewa nishani ya fedha; Isaacs akapewa ya shaba. Kwa maoni yetu nishani zilikosea njia.

Wapiga kambi hawaachiwi kuwasha kuni miezi ya kiangazi, na sababu ipo. Novemba 2011 moto uliowashwa na idara ya serikali yenyewe ili kupunguza majani makavu uliponyoka, ukateketeza nyumba zaidi ya 30. Uchunguzi ulikabidhiwa Mick Keelty, aliyekuwa mkuu wa polisi wa shirikisho.

Safari huishia Rasi ya Leeuwin, penye mnara wa taa wa mwaka 1895, urefu wake meta 39. Kwa kuwa jioni kangaruu huvuka barabara pasipo kutazama, dereva hungoja kuche ndipo ageuze gari kurudi Perth.