Daftari Lilipofunguliwa, Deni Likaanza Kupungua

Misikiti mingi ya mitaani haina mfadhili wa kudumu. Huendeshwa kwa kikapu cha Ijumaa, ada ndogo ya madrasa na sadaka za wachache. Ndivyo ulivyo msikiti wetu, na mwaka uliopita sisi wanakamati tulikaribia kuufikisha pabaya. Tunayasimulia haya ili wenzetu waliobeba amana kama hii wapate tahadhari.

Tulianza kujenga darasa la pili la madrasa kabla fedha hazijatimia. Saruji na mabati tulikopa katika duka la muumini mwenzetu. Pampu ya kisima ilipoungua, tulichukua fedha za ada ya madrasa tukanunua nyingine, tukisema tutazirudisha. Hatukuzirudisha. Walimu wawili wakakaa miezi minne bila posho. Mmoja wao alituaga kwa adabu, akaenda kuuza mitumba. Wanafunzi wake tuliwaunganisha na wengine, wakawa wanabanana mikekani.

Kila Ijumaa tuliwahimiza waumini watoe, na kila Ijumaa kikapu kilizidi kuwa chepesi. Tukadhani imani imepungua. Ukweli tuliambiwa katika kikao cha baada ya Isha, pale mzee mmoja wa safu ya mbele aliposimama na kusema: "Wanangu, hatujakataa kutoa. Tusomeeni daftari kwanza."

Tukalisoma. Duka lilitudai shilingi 3,600,000 na walimu shilingi 960,000. Tulikiri kwamba tulichanganya mifuko, tukaomba radhi.

Kijana mmoja akashauri zitumike fedha za Zaka. Imamu alifafanua kwamba aya ya 60 ya Surat At-Tawba imetaja mafungu manane ya wapokeaji, na wanazuoni walio wengi hawauhesabu ujenzi wa msikiti miongoni mwake. Haki ya fukara haiwezi kufunika uzembe wa kamati. Kisha akakumbusha habari iliyomo katika Sahihi Bukhari: jeneza lililetwa mbele ya Mtume (s.a.w.), akaambiwa kuwa marehemu anadaiwa dinari 3 wala hakuacha kitu. Akawaambia masahaba wamsalie mwenzao. Abu Qatada akalichukua deni lile juu yake, ndipo Mtume (s.a.w.) akamsalia.

Kina mama ndio waliotangulia. Walipendekeza kila kaya itoe shilingi 1,000 kwa wiki, na fedha zikusanywe na watu wawili wasio wanakamati. Fundi seremala akajitolea kutengeneza milango bila ujira. Mwenye duka alisema hawezi kusamehe, kwa kuwa mtaji ni wake na mwenziwe, lakini akatupa muda, kama Qur'ani inavyoelekeza juu ya mdaiwa aliyekwama.

Tulianza na walimu, kwani ujira wa mtu haufai kucheleweshwa. Hadi tunaandika haya, posho zote zimelipwa na deni la duka limebaki shilingi 2,100,000. Yule mwalimu aliyeondoka alipokea haki yake yote, lakini hakurejea. Biashara yake imeshika. Hatumlaumu. Hiyo ni hasara ambayo shilingi elfu elfu haziwezi kuirudisha.

Sasa fedha za madrasa zina daftari lake na za ujenzi lake. Ijumaa ya kwanza ya kila mwezi hesabu husomwa baada ya swala, kisha karatasi hubandikwa mlangoni, na kila mkopo huandikwa mbele ya mashahidi, kama ilivyoamriwa katika aya ya 282 ya Surat Al-Baqara. Aya hiyo tuliisoma chuoni na kuihifadhi. Kuitekeleza tumefundishwa na waumini wetu.

Kwa wanakamati wenzetu tuna nasaha moja: msingoje hadi muulizwe. Lifungueni daftari mapema, kabla hamjalazimika kumuaga mwalimu.

Wabillahi tawfiq.