Askofu Aliyenifanya Nimpigie Simu Mdogo Wangu

Kwa miaka minne sikuongea na mdogo wangu wa tumbo moja. Sababu yake wengi wenu mnaoishi ughaibuni mnaijua: fedha za ujenzi. Nilikuwa nafanya zamu za usiku kwenye nyumba ya kulelea wazee hapa Leicester, na kila mwisho wa mwezi natuma fedha Dodoma, yeye asimamie mafundi. Alinitumia picha za matofali, za kuta, hata za mabati. Nilipokwenda likizo nikafika kiwanjani, nilikuta msingi na majani. Picha zile zilikuwa za nyumba ya mtu mwingine.

Tangu siku hiyo nilifuta namba yake. Mama akipiga simu Jumapili, haachi kuuliza: "Umeongea na mwenzio?" Nami nasingizia mtandao.

Mwaka jana, kanisani kwetu, niliona meza ya vitabu vilivyotumika. Kimoja kilinishtua kwa jina lake: I Love Idi Amin, yaani Nampenda Idi Amin. Nani anaweza kusema hivyo? Nikakinunua kwa peni 50.

Mwandishi wake ni Festo Kivengere, aliyekuwa askofu wa Kianglikana wa Kigezi, kusini-magharibi mwa Uganda. Kwetu Dodoma wazee walimtaja, maana kabla ya kuwa mchungaji aliwahi kufundisha shule pale. Kiswahili alikimudu hasa: Billy Graham alipohubiri Moshi mwaka 1960, Kivengere ndiye aliyekuwa mkalimani wake.

Mwezi Februari 1977, utawala wa Amin ulimuua Askofu Mkuu Janani Luwum. Kivengere, rafiki yake, alionywa kwamba naye anatafutwa. Usiku, yeye na mkewe Mera walipanda milima kwa miguu mpaka wakaingia Rwanda. Nyumba, waumini na ndugu vilibaki nyuma.

Sehemu iliyonishika haikuwa ya kukimbia. Ilikuwa ya hapa hapa Uingereza. Ijumaa Kuu ya mwaka huo alikuwa ameketi katika kanisa la All Souls, London, akisikiliza jinsi Yesu msalabani alivyowaombea msamaha waliomtesa. Hapo akagundua kwamba yeye, askofu, mhubiri wa upendo miaka yote ile, moyoni mwake alikuwa anamchukia Amin, na chuki hiyo ilikuwa inamkausha yeye mwenyewe. Akatubu. Kitabu kilitoka mwaka huo huo.

Nilikisoma kwenye basi nikitoka zamu. Nikajiuliza: huyu alinyang'anywa nchi na rafiki, mimi nimenyang'anywa nyumba ambayo haikuwahi kusimama. Kwa nini mzigo wangu uwe mzito kuliko wake?

Ndugu msomaji, nisieleweke vibaya. Kivengere hakusema Amin hana kosa. Kitabu chenyewe kinaeleza mauaji na mateso waziwazi. Alikataa tu kumpa mkosaji chumba moyoni mwake. Hili ndilo nililokuwa silielewi. Nilidhani kusamehe ni kusema "haikuwa kitu", na kwa kuwa ilikuwa kitu, tena kitu kikubwa, nikakaa na uchungu wangu kama mtu anayelinda risiti.

Jumapili iliyofuata nilimwomba Mama ile namba. Alinyamaza kidogo, kisha akaitaja polepole, akairudia mara mbili.

"Shikamoo, kaka," sauti ya upande wa pili ilisema. Aliijua namba yangu.

"Marahaba. Hujambo?"

Tulikaa kimya. Halafu nikamwambia nilichojiandaa kusema: kwamba aliniumiza, kwamba usiku mwingi nilibeba wazee kwa ajili ya ile nyumba, na kwamba nimemsamehe. Akalia. Alisema fedha nyingi ziliishia kwenye biashara ya alizeti iliyomfia, akaona aibu, akaanza kutuma picha za uongo. Nyingine hakuweza kuzieleza, nami sikumbana.

Fedha hazijarudi. Sasa hivi ujenzi, nikijaliwa kuuendeleza, utasimamiwa na mtu mwingine, kwa mkataba na risiti. Na hilo nalo nilimwambia. Kusamehe si kumkabidhi tena ufunguo. Lakini watoto wangu sasa wanaongea na baba yao mdogo, na binti yangu ameanza kujua majina ya binamu zake.

Kivengere alirudi Uganda baada ya Amin kuangushwa mwaka 1979, akaendelea kuhubiri na kuandika mpaka alipofariki Nairobi mwaka 1988. Kitabu chake nimekiweka kwenye begi la kazini. Kuna mwenzangu wa zamu, Mkenya, ambaye hajaongea na dada yake tangu mazishi ya baba yao. Wiki ijayo nitampa.