Ramani Inayosomeka kwa Haraka

Tanzania ilipiga marufuku ukeketaji wa mabinti walio chini ya miaka 18 mwaka 1998. Hata hivyo, katika wilaya za Tarime na Serengeti, kila msimu wa ukeketaji ukifika, hasa Desemba, wapo mabinti wanaolazimika kutoroka nyumbani. Anayekwenda kumwokoa binti hana budi kujua alipo, na kwa miaka mingi vijiji vingi havikuwamo kwenye ramani yoyote ya simu.

Mwaka 2015 Mwingereza Janet Chapman alianzisha mradi wa Crowd2Map ili kuziba pengo hilo kupitia OpenStreetMap, ramani huria ya mtandaoni. Watu wa kujitolea walioko mbali huchora nyumba na barabara kwa kutazama picha za setilaiti. Wakazi huongeza majina. Miongoni mwa wanaozitumia ramani hizo ni shirika la Rhobi Samwelly, Hope for Girls and Women in Tanzania, lenye nyumba salama Butiama na Mugumu.

Ila ukirundika kila kibanda kwenye kioo cha simu, hakuna kitakachosomeka. Hapo ndipo ujuzi wa mhariri wa gazeti unapohitajika: habari kuu hupewa kichwa kikubwa, ndogo husubiri kurasa za ndani. Ramani nyingi za kidijitali hukatwa vigae vya mraba. Katika ngazi ya sifuri, dunia nzima ni kigae kimoja. Kila ukikuza, kimoja huzaa vinne, na kufikia ngazi ya 10 vimeshapita milioni moja. Kila ngazi ina kanuni ya kitakachoonekana: kwa mbali, barabara kuu na jina la Mugumu, ukisogea, kijiji, ukisogea zaidi, nyumba na vijia.

Wasanifu wa miji nao wana lao. Mwaka 1960 Mmarekani Kevin Lynch alieleza kwamba watu huuweka mji kichwani kwa vitu vitano: njia, kingo, maeneo, makutano na alama. Mwendesha bodaboda wa Serengeti huelekezwa vivyo hivyo: pita mnadani, vuka mto, kwenye kanisa kata kushoto. Kwake, jina moja la kanisa lina faida kuliko vibanda mia visivyo na majina.

Wabunifu wa programu, wekeni mbele kile anachokitafuta mtu mwenye haraka. Nawe msomaji, OpenStreetMap inaruhusu yeyote kuhariri: kama kijiji chako hakimo, anza na njia panda, zahanati na mnada.