Sauti zisizo na mwenyewe hutoka ubongoni

TUSEME una ndugu yako wa miaka 20, mwanafunzi wa chuo, mpole na asiye na ugomvi na mtu. Jioni moja unamkuta ameketi chumbani gizani, ameukabili ukuta na anateta. Unamuuliza anazungumza na nani. Anakugeukia kwa mshangao na kukuuliza: "Kwani wewe huwasikii?"

Pengine utadhani anafanya mzaha. Pengine utashuku bangi. Nyanya atasema amerogwa, jirani atapendekeza maombi, na mjomba atashauri arudishwe mashambani akapumzike. Miezi itapita, masomo yatakwama na kijana atazidi kukonda. Wakati huo wote huenda asipatikane hata mmoja wa kumuuliza swali la maana: sauti hizo zinakuambia nini?

Kusikia sauti ambazo wengine hawazisikii ni mojawapo ya dalili kuu za ugonjwa wa akili uitwao skizofrenia. Kulingana na Shirika la Afya Duniani (WHO), zaidi ya watu milioni 20 ulimwenguni wanaugua maradhi haya. Aghalabu huanza mwishoni mwa ujana au katika miaka ya ishirini na kitu, na wanaume huanza kuugua mapema kuliko wanawake. Takriban wagonjwa 7 katika kila 10 husikia sauti.

Usidhani ni mawazo tu. Kwa mgonjwa, sauti hizo ni dhahiri kama wewe unavyoisikia redio ya jirani kupitia ukutani. Huweza kuwa ya mwanamume au ya mwanamke, ya mtu mmoja au kundi zima. Nyingine humsimulia kila analotenda: sasa anainuka, sasa anavaa viatu. Nyingine humtukana. Nyingine humwamuru.

Kwa nini huwezi kujitekenya

Ili uelewe zinakotoka, anza na kichwa chako mwenyewe. Unapohesabu chenji sokoni au kupanga utakavyomjibu mkubwa wako kazini, unazungumza kimoyomoyo. Hata siku moja hujadhani kuwa ni mtu mwingine aliyesema. Umejuaje?

Jaribu kujitekenya kwapani. Huwezi kucheka, kwa sababu kabla mkono haujafika, ubongo umekwisha kuiarifu sehemu inayopokea mguso kwamba mkono unaokuja ni wako. Ndivyo ilivyo kwa usemi pia. Sehemu ya ubongo inayotunga maneno huitahadharisha ile inayosikia kwamba maneno yanayokuja ni ya nyumbani, isishtuke.

Wanasayansi wengi wanaamini kwamba kwa mgonjwa wa skizofrenia tahadhari hiyo hufika ikiwa hafifu, au haifiki kabisa. Maneno yake mwenyewe ya ndani basi humjia kama mgeni asiyebisha hodi. Katika miaka ya 1940 daktari mmoja wa Marekani, Louis Gould, aligundua kuwa baadhi ya wagonjwa walinong'ona kwa sauti ya chini mno wakati huo huo walipodai kusikia sauti. Mwaka wa 1993, watafiti jijini London walipima mwendo wa damu katika ubongo wa wagonjwa. Sauti ziliposikika, eneo la Broca lilikuwa likifanya kazi zaidi. Hilo ndilo eneo tunalolitumia kuunda usemi.

Mfereji ulio nyuma ya paji la uso

Ubongo umejikunjakunja kama shuka iliyosongwa ndani ya mfuko mdogo, na baina ya mikunjo hiyo kuna mifereji. Mmoja wao, uitwao parasinguleti, upo sehemu ya mbele, katikati ya pande mbili za ubongo. Ni miongoni mwa mifereji ya mwisho kujiunda, muda mfupi kabla ya mtoto kuzaliwa. Urefu wake hutofautiana sana, na wapo watu wazima wenye afya njema ambao hawanao upande mmoja.

Mwaka wa 2011, watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, walionyesha kwamba watu wenye afya wasio na mfereji huu walitatizika zaidi kukumbuka kama jambo fulani lilitokea kweli au walilifikiria tu. Mwaka wa 2015, kundi likiongozwa na Jane Garrison na Jon Simons lilichunguza picha za ubongo za watu 153, zilizopigwa kwa mashine ya MRI. Kati yao, 113 walikuwa wagonjwa wa skizofrenia na 40 walikuwa wazima. Ilibainika kwamba wagonjwa waliopatwa na mazingaombwe ya sauti au ya macho walikuwa na mfereji mfupi kuliko wagonjwa wenzao wasiopatwa nayo. Ulipopungua kwa sentimita moja, uwezekano wa kupatwa nayo uliongezeka kwa karibu asilimia 20.

Lakini tahadhari, msomaji. Mfereji mfupi si hukumu. Wengi wanao na hawatasikia sauti kamwe, na hakuna daktari awezaye kutambua skizofrenia kwa picha pekee. Picha hupigwa hasa ili kuhakikisha hakuna uvimbe au jeraha ubongoni. Wala si kila sauti ni skizofrenia. Malaria iliyopanda kichwani, kifafa, bangi, au kuacha pombe ghafla baada ya kuinywa kwa muda mrefu huweza kuzileta. Aliyefiwa pia huweza kumsikia marehemu akimwita, na huo si wazimu.

Jambo jingine: maisha ya mtu huchangia yale yanayosemwa. Mwanaanthropolojia Tanya Luhrmann wa Marekani na wenzake waliwahoji wagonjwa 20 California, 20 Accra nchini Ghana na 20 Chennai nchini India. Katika matokeo yaliyochapishwa mwaka wa 2015, Wamarekani wengi walisimulia sauti za ukatili na vita. Wengi wa Accra walisema wanamsikia Mungu, na wa Chennai walisikia jamaa zao wakiwashauri au kuwakaripia.

Ufanye nini?

Kwanza, usibishane na mgonjwa, wala usijifanye unazisikia. Mwambie: "Mimi sizisikii, lakini naona zinakusumbua." Usimcheke, usimpige, usimfunge kamba. Minyororo haijawahi kunyamazisha sauti.

Pili, mfikishe hospitalini mapema. Hospitali ya Mathari jijini Nairobi, iliyoanzishwa mwaka wa 1910, ndiyo inayojulikana zaidi kwa maradhi ya akili, lakini hospitali kadhaa za kaunti pia zina kliniki. Ukitaka kumwombea, mwombee, ila maombi yasichukue nafasi ya daktari. Kadiri matibabu yanavyochelewa ndivyo kupona kunavyokuwa kugumu.

Tatu, hakikisha anameza dawa. Tangu miaka ya 1950 kumekuwa na dawa zinazopunguza nguvu za kemikali ya ubongo iitwayo dopamini. Hazirefushi mfereji wowote, lakini kwa wagonjwa wengi sauti hufifia au hunyamaza. Huweza kuleta usingizi, kunenepa au mitetemeko. Hayo mwambie daktari, usizikatize mwenyewe. Dawa za kawaida zikishindwa, ipo klozapini, ambayo humlazimu mgonjwa kupimwa damu mara kwa mara. Ushauri nasaha humsaidia mgonjwa kujifunza kutozitii sauti.

Sasa rudi kwa ndugu yako pale chumbani. Keti karibu naye, na umuulize sauti hizo zinamwambia nini. Akisema zinamtania au kumsema, mpeleke kliniki wiki hiyo hiyo. Akisema zinamwamuru ajidhuru au amdhuru mtu, usimwache peke yake hata kidogo. Ondoa visu, kamba na sumu karibu naye, na umfikishe hospitalini usiku huo huo.