Nani Anahesabiwa Kuwa Mfanyakazi?

Tarehe 13 Januari 1947, kazi ilisimama Mombasa. Makuli wa Kilindini hawakuingia bandarini, wafanyakazi wa reli nao walibaki nje, na watumishi wa majumbani na mahotelini wakajiunga nao. Watu wapatao 15,000 waligoma kwa siku 12. Vita Kuu ya Pili ilikuwa imepandisha bei ya kila kitu huku mishahara ikiburuta miguu, na kupanga chumba mjini kulikuwa mzigo peke yake. Wagomaji walikutana kila siku kwenye uwanja wa mpira waliouita Kiwanja cha Maskini. Hapo ndipo African Workers' Federation, chama kilichokuja kuongozwa na Chege Kibachia, kilipopata sauti.

Wengi wa waliosimamisha meli hawakuwa na ajira kwa maana tunayoizoea leo. Walikuwa vibarua. Alfajiri mtu alifika kwenye lango la bandari, serahangi, yaani msimamizi wa genge, akachagua watu wake, genge likateremka kwenye ngama ya meli kupanga magunia kwenye wavu wa winchi, na jioni kila mmoja akalipwa ujira wake. Kesho yake alikuwa huru kurudi au kulala. Maisha hayo yalikuwa ya dhiki: ukiugua huna chochote, ukizeeka huna chochote. Lakini yalimpa kuli nguvu ambayo karani wa mshahara wa mwezi hakuwa nayo. Akigoma, hakuwa na kazi ya kufukuzwa.

Serikali ya kikoloni ililiona hilo upesi. Mgomo ulimalizwa kwa ahadi kwamba baraza la usuluhishi lingesikiliza madai, ahadi iliyofikishwa na Eliud Mathu, Mwafrika wa kwanza katika Baraza la Kutunga Sheria. Baraza hilo la usuluhishi liliongozwa na Jaji Ransley Thacker, yule yule aliyekuja kumhukumu Jomo Kenyatta kule Kapenguria mwaka 1953. Mishahara iliongezwa. Mwezi Agosti mwaka huo huo wa 1947, Kibachia alikamatwa, akapelekwa Baringo, na huko akazuiliwa kwa miaka kumi.

Hatua iliyodumu zaidi ilikuwa nyingine: kumwondoa kibarua bandarini. Katika miaka iliyofuata makuli waliandikishwa, wakatakiwa kufika kazini siku za kutosha kila mwezi, na asiyetimiza akafutwa kwenye daftari. Kwa waliobaki, faida ilikuwa kubwa. Walikuwa na ujira wa uhakika, na sasa chama chao kingeweza kuwahesabu, kuwakata ada na kuzungumza kwa niaba yao. Makuli walipogoma tena Machi 1955, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi Tom Mboya alikwenda Mombasa kuwaongoza kwenye mazungumzo, na walipata nyongeza ya asilimia 33. Waliofutwa kwenye daftari hawakuwa na chama cha kuwasemea.

Mstari huo uliochorwa Kilindini ndio ambao sheria ya kazi ya Kenya inatembea juu yake hadi leo. Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya mwaka 2007 inamlazimu mwajiri kukitambua chama kilichosajili zaidi ya nusu ya wafanyakazi wake wanaoruhusiwa kujiunga. Chama kikishatambuliwa, kinajadili mkataba wa pamoja wa mishahara na masharti ya kazi. Katiba ya 2010, ibara ya 41, inaulinda mchakato huo pamoja na haki ya kugoma. Ni ulinzi wa maana, uliopatikana kwa jasho. Lakini kila kifungu kinarudi kwenye swali moja: nani ni mfanyakazi wa nani?

Tuseme kiwanda kina watu 400 wanaoingia langoni kila asubuhi, na 150 tu ndio walioajiriwa na kampuni yenyewe. Wengine 250 wameletwa na wakala wa ajira. Chama kikiandikisha 76 kati ya wale 150, kitatambuliwa, kitatia saini mkataba mzuri, na mkataba huo hautawagusa wale 250 wanaoendesha mashine zile zile. Chama kikitoa ilani ya mgomo ya siku saba, mashine hazitasimama. Na kikitaka kuwaandikisha watu wa wakala, kitakuta mwajiri wao ana wafanyakazi waliotapakaa katika viwanda na maghala chungu nzima, na nusu yao hawajawahi kuonana.

Hapo ndipo vyama vingi vinapokosea. Vinatumia nguvu nyingi kuwatetea wanachama walio tayari ndani, kwa sababu ndio wanaolipa ada, na vinamwacha kibarua nje kana kwamba si mwenzao. Makuli wa 1947 hawakubaguana hivyo. Waliposimama Kiwanja cha Maskini, mwenye mshahara wa mwezi na mwenye ujira wa siku walidai pamoja.

Sheria yenyewe imeacha mlango wazi. Kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinasema kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa siku zinazofikia mwezi mmoja, au anayefanya kazi isiyotarajiwa kwisha ndani ya miezi mitatu, anahesabiwa kuwa na mkataba wa ajira, hata kama hakuna karatasi iliyotiwa saini. Baadhi ya waajiri wanakwepa kwa kumsimamisha mtu siku chache kabla ya mwezi kutimia, kisha wanamwita tena. Ndiyo maana ushahidi ni muhimu. Kama unafanya kibarua, andika tarehe za siku ulizofanya kazi, hifadhi ujumbe wa malipo ulioingia kwenye simu, tunza kitambulisho cha langoni, kisha upeleke vyote kwa mwakilishi wa chama au afisa wa kazi wa kaunti kabla hujaambiwa usirudi.