Kupiga mbizi, kuzama na kuzamia

Mbizi ni nomino ya ngeli ya I-ZI, na kwa kawaida huandamana na kitenzi piga. Maana yake ya asili ni kwenda chini ya maji kwa muda ule ambao pumzi ya mtu inaruhusu, kama wafanyavyo wavuvi wa kamba na majongoo bahari katika mwambao wa Afrika Mashariki. Mwaka 1943 Jacques Cousteau na Émile Gagnan, nchini Ufaransa, walibuni kifaa kinachompa mtu hewa kutoka kwenye mtungi kila avutapo pumzi. Neno likabaki lilelile, shughuli ikabadilika.

Kuzama ni kwenda chini, mara nyingi bila hiari. Ukikiongezea kitenzi hicho kiambishi cha kutendea, unapata kuzamia, yaani kwenda chini kwa kukusudia kitu: lulu, nanga iliyokwama, maiti. Wapiga mbizi watatu wakizamia, wako kazini. Wakizama, ni msiba. Hata hivyo, miongozo iliyotafsiriwa haraka huagiza wanafunzi “wazame hadi mita 18”, jambo ambalo hakuna mkufunzi anayelitaka.

Mzamiaji nalo lina mtego wake. Katika matumizi ya kila siku ni pia mtu anayejificha melini asafiri bila nauli, au anayeingia nchi ya watu kinyemela. Kijana anayeomba kazi ng’ambo na kuandika kwamba ana uzoefu wa miaka mitano wa uzamiaji anajitia mashakani bure. Mpiga mbizi halina utata huo.

Utata mwingine ni mzito zaidi, nao unahusu pumzi. Mvuvi aliyekulia baharini amefunzwa tangu utotoni kubana pumzi. Hewa aliyoivuta juu husinyaa kifuani kadiri anavyoshuka, kisha hurudia ujazo wake anapoibuka. Haiwezi kuzidi kiasi alichoanza nacho. Anayetumia mtungi huvuta hewa akiwa kilindini, ikiwa na kani ya maji ya pale alipo. Katika mita 10 kani hiyo ni maradufu ya ile ya juu ya maji, hivyo pafu lililojazwa huko na kufungwa lingehitaji nafasi mara mbili wakati wa kuibuka. Pafu hupasuka. Ndiyo maana kanuni ya kwanza ya mafunzo ni “usibane pumzi kamwe”. Tafsiri “pumua kwa utulivu”, ijapokuwa laini masikioni, haimwambii mvuvi huyo kwamba ustadi wake wa miaka mingi sasa ni hatari.

Vivyo hivyo, “mtungi wa oksijeni”, usemi unaopendwa na waandishi wa habari, haufai. Mtungi wa kawaida una hewa iliyoshindiliwa, ileile tunayovuta, yenye oksijeni asilimia 21 hivi. Oksijeni tupu huanza kuwa sumu kwa mpiga mbizi anayepita kina cha takriban mita 6. Sema mtungi wa hewa.

Kuhusu vyeti, tuchukue mfumo wa PADI, shirika lililoanzishwa Marekani mwaka 1966. Cheti cha kwanza humruhusu mtu mzima kufika mita 18, na cha pili mita 30. Hicho cha pili wengine hukiita cha “mpiga mbizi wa juu”, jina la kuchekesha kwa mtu ambaye sifa yake ni kwenda chini zaidi. Ngazi ya pili inatosha. Hufuata cheti cha uokoaji, kisha cha kiongozi wa mbizi, ambaye wengi kazini humwita daivmasta. Anayelenga cheti hicho sharti awe na umri wa miaka 18, awe amepiga mbizi 40 kabla ya kuanza na 60 kabla ya kuhitimu. Kwa mkufunzi hutakiwa mbizi 100. Hapa mbizi inahesabika: kushuka na kuibuka ni mbizi moja, nayo huandikwa katika daftari la mbizi pamoja na tarehe, mahali, kina na muda. Mbizi elfu za mvuvi asiyetumia mtungi haziingii katika hesabu hiyo, ingawa macho yake yanaujua mkondo kuliko ya mgeni mwenye daftari lililojaa.

Cheti si leseni. Leseni hutolewa na mamlaka na huisha muda. Cheti huthibitisha kwamba mtu alifuzu, na hakichachi. Kinachohuishwa kila mwaka ni uanachama unaompa mkufunzi haki ya kufundisha. Tangazo la kazi linalotaka “mkufunzi ambaye cheti chake hakijaisha” linapaswa kusema “mkufunzi aliyehuisha uanachama wake mwaka huu”.